Daftari Moja, Waandishi Wengi: Historia ya Stakabadhi ya Korosho Mtwara

Biashara ya korosho katika mkoa wa Mtwara, kuanzia vijiji vya Kilambo na Kitaya vilivyo kando ya Mto Ruvuma hadi Newala na Tandahimba juu ya nyanda za Wamakonde, imekuwa kwa miongo mingi ikitafuta jibu la swali moja zito: watu wengi walioko mahali tofauti wanapoandika habari za mzigo uleule, maandishi ya nani yatashika? Swali hilohilo huwakabili wataalamu wa kompyuta pale seva kadhaa, yaani mashine zinazopokea maombi ya watumiaji, zinapotumia kwa pamoja hifadhidata moja, ambayo ndiyo ghala la kumbukumbu zote. Seva mbili zikisoma salio moja kwa wakati mmoja, kisha kila moja ikaandika hesabu yake, andiko la pili hufuta la kwanza pasipo yeyote kujua. Kinga yake ni kufuli, maana yake kumzuia mwandishi wa pili asiguse kumbukumbu mpaka wa kwanza amalize, na muamala, maana yake kazi yenye hatua nyingi inayokamilika yote au isihesabike kabisa.

Kwa muda mrefu kusini hakukuwa na haja kubwa ya kinga hiyo, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Baadaye uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, ulioacha mikorosho mbali na wenyewe, pamoja na bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga, uliporomosha zao hilo hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliingia vijijini, kila mmoja na mizani yake na kitabu chake, na pakakosekana daftari lolote ambalo mkulima angeweza kulishika kama ushahidi.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwa korosho Mtwara katika msimu wa 2007/08, ilileta utaratibu ambao ubora wake haujasifiwa vya kutosha. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, hupimiwa na kupewa stakabadhi. Chama hukusanya mizigo na kuisafirisha hadi ghala kuu, ambako mtunza ghala huipima upya, huipanga kwa madaraja na kutoa stakabadhi ya ghala, ambayo peke yake ndiyo inayotambuliwa kisheria. Stakabadhi hiyo ina sehemu mbili, hati ya umiliki na hati ya dhamana: benki inayokopesha kwa kutegemea mzigo hushika hati ya dhamana, na kwa kuwa mzigo hautoki ghalani mpaka hati zote mbili zirejeshwe, haiwezekani korosho zilezile ziwekwe rehani kwa mmoja na kuchukuliwa na mwingine. Hilo ni kufuli kamili, lililotengenezwa kwa karatasi.

Hata hivyo, pengo lilibaki kati ya mizani mbili. Korosho hupoteza unyevu, na upungufu huo wa uzito, unaoitwa unyaufu, hufanya hesabu ya chama cha msingi na ya ghala kuu zitofautiane hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Lakini penye tofauti halali, wizi nao hupata maficho. Mkulima asiyeoneshwa kitabu hana njia ya kutenganisha viwili hivyo. Malipo yaliyotolewa kwa awamu yaliongeza shaka, na Aprili 2013 huko Liwale, katika mkoa jirani wa Lindi, hasira za malipo pungufu ziliishia kwenye uchomaji wa nyumba.

Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei za chini, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi jukumu la kuzisomba. Kabla ya malipo ulifanyika uhakiki: stakabadhi ya mkulima ililinganishwa na ukubwa wa shamba lake, ili kuwabaini walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho vijijini kinyume cha sheria kabla hazijafika chamani. Lengo lilikuwa la haki, lakini kulinganisha madaftari baada ya mzigo kwisha kupokelewa kuliwachelewesha pia wakulima wasio na kosa, na wengi walisubiri kwa miezi.

Tangu msimu wa 2024/25 minada imefanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo zabuni zote huingia mahali pamoja. Hatua hiyo ni kubwa, ila inagusa mwisho wa safari tu. Uzito huzaliwa chama cha msingi, na mfumo wowote huhifadhi kwa uaminifu hata tarakimu iliyokosewa. Kwa hiyo viongozi wa vyama vya msingi wabandike hadharani, kwa kila mzigo, uzito uliopimwa kijijini, uliopokelewa ghalani na unyaufu uliokatwa, kabla mnada haujafunguliwa.