Komkya, Gazeti la Mlima Wote



Katika kijitabu hiki mmezoea kusoma habari za madarasa, maji na barabara za vijijini. Hizo zipo kurasa zinazofuata, na michango bado inahitajika. Lakini mwaka huu tumeomba nafasi kidogo tuwakumbushe kitu ambacho wazee wetu walikuwa nacho na sisi hatuna: gazeti la mlima wetu wenyewe.

Liliitwa Komkya. Lilikuwa gazeti la Baraza la Wachagga, na lilitoka Moshi kuanzia mwaka 1953 hadi 1961. Jina ni la Kichagga, na mzizi wake ni ule ule wa neno kucha, kwa hiyo hata asiyejua Kichagga anaweza kusikia alfajiri ndani yake. Ila habari zenyewe ziliandikwa kwa Kiswahili.

Jambo hilo la lugha tusilipite haraka, maana linatuhusu sisi wa Rombo kuliko wengi. Watu wa nje husema Kichagga kana kwamba ni lugha moja. Sisi tunajua: Mrombo akikutana na mtu wa Machame, kila mmoja akakaza lugha ya mama yake, watamaliza kata ya mbege bila kuelewana. Vitabu vya mwanzo vya Kichagga vilitoka zaidi misheni za Kilutheri, na vilifuata usemi wa Old Moshi, wa Machame na wa Vunjo. Huku kwetu, walikofanya kazi mapadre wa Roho Mtakatifu, mtoto alijifunza kusoma kwa Kiswahili. Kama Komkya lingechagua Kichagga, lingebidi lichague Kichagga cha nani? Kwa kuchagua Kiswahili lilimpa msomaji wa Mkuu kiti sawa na cha msomaji wa Siha.

Halikuwa la kwanza kusomwa mlimani. Tangu Januari 1923 serikali ya Kiingereza ilikuwa ikitoa Mambo Leo kutoka Dar es Salaam, na watu waliojua kusoma nchi nzima walilifahamu. Kisha miaka ya 1930 likaja Uremi, yaani kilimo, gazeti la upande wa wakulima wa kahawa. Hao ndio waliokuwa wameanzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, akina Joseph Merinyo wakiwa mbele, kabla ya KNCU kuundwa mwaka 1933. Lakini gazeti la chama husema mambo ya chama. Mwaka 1937, baadhi ya wakulima walipochoshwa na amri ya kuuza kahawa yote kupitia KNCU, mambo yalifikia ghasia.

Komkya lilizaliwa wakati mwingine kabisa. Tangu 1946 mlima ulikuwa umegawanywa sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja na Mangi Mwitori wake. Wetu alikuwa John Maruma. Mwaka 1951 ukafanyika uchaguzi wa Mangi Mkuu mmoja wa Wachagga wote. Maruma alikuwa mmoja wa wagombea. Aliyeshinda ni Thomas Marealle wa Marangu, akiungwa mkono na Petro Njau na chama chake cha raia. Alitawazwa mapema mwaka 1952, na mwaka uliofuata gazeti likaanza. Ni wazi lilikusudiwa kuwafanya watu wa vihamba vilivyotengwa na makorongo wajione watu wamoja. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri miaka ile, Baraza lilikuwa na fedha, na Marealle alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Mwaka 1957 alifika hadi Umoja wa Mataifa, New York.

Ndani yake mlikuwa na matangazo na habari za Baraza, kama unavyotegemea. Utamu ulikuwa katika barua za wasomaji. Watu waliandika na kujibizana juu ya desturi zipi zibaki na zipi ziachwe, juu ya wasichana wanaokimbilia mjini, juu ya maendeleo, juu ya kiongozi bora ni wa namna gani. Mtu aliyezoea kusikilizwa na ukoo wake tu sasa alijibiwa na mtu asiyemjua, wa upande wa pili wa mlima. Na tukumbuke kwamba gazeti la zama zile halikuwa la mtu mmoja. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, na nakala ikapita mikono mingi kabla haijaishia kufungia sukari.

Tatizo lake lilikuwa mwenye mali. Gazeti lilikuwa la Baraza, na Baraza lilikuwa na Mangi Mkuu juu yake. Ubishi ulipokuja kuwa juu ya Mangi Mkuu mwenyewe, kwamba atawala maisha au kwa muda, gazeti halikuwa na mahali pa kusimama nje ya ugomvi. Mwaka 1960 wananchi walipiga kura wakataka kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda. Solomon Eliufoo wa Machame, aliyekuja kuwa Waziri wa Elimu, akawa Rais wa Wachagga. Mwaka uliofuata ndio wa uhuru, na ndio wa mwisho wa Komkya. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima. Kwa maoni yetu, gazeti hilo lingeishi zaidi kama lingekuwa mali ya wasomaji wake, lakini hayo ni ya kubishaniwa, na tunakaribisha ubishi.

Mwaka 2016 mwanahistoria Emma Hunter alichapisha sura nzima juu ya Komkya katika kitabu cha magazeti ya Afrika kilichotolewa Marekani. Tunamshukuru. Lakini kijana wa Mkuu akitaka kuyasoma maneno ya babu yake, ataanzia wapi?

Tunadhani aanzie nyumbani. Desemba hii mtakapopanda kwa Krismasi, fungueni masanduku ya bati ya wazee. Angalieni darini, ndani ya Biblia za zamani, kati ya stakabadhi za kahawa na vyeti vya ubatizo. Ukipata hata ukurasa mmoja wa Komkya au Uremi, usiubandike selotepu na usiukunje upya. Uweke kati ya madaftari mawili, uje nao siku ya harambee. Kutakuwa na meza ya kupigia picha kila ukurasa, na nakala yako utaondoka nayo siku hiyo hiyo. Kama bibi au babu anakumbuka kusomewa, mwandikie anayoyasema, na jina la kijiji, kabla ya kurudi mjini.