Mabinti 22 wasio na baba

Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunaambiwa. Baba yake ni nani, methali haisemi. Mwaka 2010 swali hilo liliwashughulisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, baada ya jike mmoja wa boa aliyefugwa kuzaa mara mbili watoto 22: wote majike, wote wenye rangi ya karameli ya mama yao. Vipimo vya vinasaba havikuonyesha dalili yoyote ya dume.

Boa si chatu, ingawa huku kwetu wengi wangemwita hivyo hivyo. Chatu hutaga, kisha hujizungusha juu ya mayai yake. Boa, mwenyeji wa Amerika, huzaa.

Zamani mfugaji wa Marekani hakuhitaji kumzalisha. Kati ya 1977 na 1983 waliingizwa huko boa hai wapatao 113,000. Ukitaka nyoka, unakwenda dukani. Kilichowageuza wafugaji kuwa wazalishaji ni rangi, hasa albino walipoanza kuonekana kwenye vizimba vyao. Rangi ya namna hiyo hutokea mtoto akirithi jeni kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo ikabidi kila mpandisho uandikwe daftarini kama ukoo wa farasi wa mbio. Hata albino wenyewe wana koo zao: ukimpandisha wa ukoo wa Kahl na wa ukoo wa Sharp, watoto hutoka na rangi ya kawaida, na msimu wako umekwenda na maji.

Na msimu wenyewe ni mrefu. Mfugaji hupunguza joto la usiku kwa wiki kadhaa, kisha humwingiza dume, ambaye humkuna jike kwa vikucha viwili karibu na mkia, mabaki ya miguu ya nyuma. Mayai yakishapevuka tumboni, jike hujivua gamba, na hapo kalenda inaanza kuhesabiwa: siku 100 na ushei. Asubuhi moja kizimba kimejaa. Kila mtoto yumo ndani ya utando mwembamba unaong'aa, anautoboa kwa pua, anachungulia. Wanaweza kuwa 10, wanaweza kupita 50, kila mmoja karibu nusu mita. Katikati yao hulala mayai viza, manjano kama nta, ambayo hakuna mfugaji anayependa kuyahesabu. Mama hana habari nao. Wakishajivua gamba la kwanza, hupewa panya wachanga.

Wale 22 wangezaliwa porini, nani angewashangaa? Ni rangi ya karameli, ile inayodai wazazi wawili, iliyowaumbua.

Likabaki fumbo la jinsia. Tangu miaka ya 1960 iliaminika kwamba kromosomu za jinsia za nyoka wote hufanya kazi kama za ndege, na kwa hesabu hiyo mabinti hao walikuwa na mpangilio uliodhaniwa hauwezekani. Mwaka 2017 mtafiti Tony Gamble na wenzake wakaonyesha kwamba boa ana X na Y, kama sisi. Mama alikuwa XX. Hakuwa na Y ya kumrithisha mtoto yeyote. Angezaa nini tena peke yake, kama si mabinti?