Biri ya maduro

Biri ya maduro ni biri iliyofunikwa kwa jani la nje lenye rangi ya kahawia iliyokoza, wakati mwingine inayokaribia weusi. Rangi hiyo hutokana na jani lililokomaa juani na kuvundikwa kwa muda mrefu, katika joto kubwa kuliko lile linalotumika kwa biri za rangi nyepesi. Jina ni la Kihispania na lina maana ya kitu kilichoiva. Biri nyingi za aina hii husokotwa Nikaragua, Jamhuri ya Dominika na Honduras, na soko lake kuu ni Marekani. Ladha yake nzito yenye utamu wa asili, pamoja na bei ya wastani ya chapa nyingi, vimeifanya ipendwe na wavutaji wanaotaka biri nzuri bila kutumia fedha nyingi.

Muundo

Biri ya mkono ina sehemu tatu. Tripa ni majani ya ndani, kapote ni jani linaloyafunga, na kapa ni jani la nje linaloonekana. Tripa huchanganywa kutokana na majani ya ngazi tofauti za mmea. Volado hutoka chini na husaidia uwakaji, seko hutoka katikati na huleta harufu, na lihero hutoka juu, palipo na jua kali, nalo hubeba nguvu na nikotini nyingi.

Rangi za kapa hupangwa kuanzia klaro, kisha kolorado, maduro na mwisho oskuro. Watu wengi huamini kwamba biri nyeusi ndiyo kali. Imani hiyo haina msingi. Ukali hutegemea zaidi kiasi cha lihero kilichomo ndani, na ipo maduro laini kama ilivyopo biri ya rangi nyepesi inayomlevya mvutaji. Kinacholetwa na kapa nyeusi ni utamu, uzito mdomoni na harufu za vitu vilivyokaangwa.

Majani ya kapa

Si kila jani linafaa kwa maduro. Jani jembamba huchanika au kuoza kabla halijafikia weusi unaotakiwa, hivyo huchaguliwa aina zenye majani manene na yenye mafuta.

Jani mashuhuri kuliko yote ni broadleaf ya bonde la mto Connecticut, linalolimwa katika majimbo ya Connecticut na Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Bonde hilo hilo hutoa majani mawili yenye tabia zinazopingana. La kwanza ni jani la kivulini, ambalo tangu mwaka 1900 katika mji wa Windsor limekuwa likikuzwa chini ya mahema ya kitambaa ili libaki jembamba na jepesi. La pili ni broadleaf, linaloachwa juani wazi mpaka linenepe. Jani la kivulini huchumwa moja moja kuanzia chini, ilhali mmea wa broadleaf hukatwa wote na shina lake, kisha huning'inizwa katika mabani ya mbao ukauke kwa hewa. Jani likiwa bado kwenye shina hukauka polepole. Matokeo yake ni jani lenye mishipa mikubwa, lisilo na urembo, lakini lenye mafuta na utamu ambao majani mazuri kwa sura huyakosa. Wanaonunua biri kwa macho hulipita. Wanaonunua kwa ulimi hulirudia.

Jani la pili kwa umaarufu ni la San Andrés, kutoka bonde la San Andrés Tuxtla katika jimbo la Veracruz, Meksiko. Udongo wake ni wa volkano, mweusi na wenye rutuba. Familia ya Turrent imelima huko kwa vizazi kadhaa. Kapa yake huleta ladha ya udongo, kakao chungu na pilipili manga.

Nchini Brazil, eneo la Recôncavo katika jimbo la Bahia hutoa Mata Fina, jani lenye harufu tamu. Kampuni ya Dannemann ilianzishwa katika mji wa São Félix, Bahia, mwaka 1873. Jani la Arapiraca hutoka katika jimbo la Alagoas.

Nikaragua na Ekwado pia hutoa kapa za maduro. Jani la Kameruni, linalosifika kwa biri za rangi ya kahawia, ni jembamba na halitumiki sana kwa maduro.

Uvundikaji

Uvundikaji ndio kazi inayoizaa maduro. Baada ya kukauka, majani hunyunyiziwa maji na kupangwa katika lundo kubwa linaloitwa piloni. Kama ilivyo kwa ndizi zilizovundikwa, joto hutoka ndani kwenyewe bila moto kuwashwa. Vijidudu na vimeng'enya hufanya kazi, amonia hutoka kwa harufu inayochoma pua, na majani hupoteza ukakasi. Wafanyakazi huchomeka kipimajoto katikati ya lundo. Joto likifika kiwango kilichowekwa, lundo hufumuliwa na kupangwa upya, majani ya ndani yakiwekwa nje na ya nje ndani.

Kwa kapa ya kawaida lundo hufumuliwa mapema. Kwa maduro joto huachwa lipande zaidi, hadi kukaribia nyuzi 60 za selsiasi, na mzunguko huo hurudiwa kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Msimamizi akizembea, jani huungua na kugeuka unga. Akiharakisha, biri hubaki na ladha ya amonia. Ustadi wa msimamizi wa piloni ndio unaotenganisha maduro nzuri na mbaya, na ustadi huo hauonekani kwenye pete ya karatasi inayozungushiwa biri.

Wapo watengenezaji wanaoyapika majani kwa mvuke au kuyatia rangi ili kuokoa muda. Kapa yenye weusi ulio sawasawa mno, isiyo na kivuli wala baka popote, huzua shaka hiyo. Kapa ya kweli huwa na mabadiliko madogo ya rangi.

Historia

Biri za leo za Amerika ya Kati zimetokana kwa sehemu kubwa na matukio ya Cuba. Mwaka 1960 serikali ya mapinduzi ilitaifisha viwanda vya biri, na Februari 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani akaweka vikwazo vya biashara dhidi ya kisiwa hicho. Familia za watengenezaji zilihama na maarifa yao, nazo mbegu za Cuba zikapandwa Nikaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika.

Mfano mzuri ni José Orlando Padrón (1926–2017), mzaliwa wa Cuba aliyefika Miami akiwa mkimbizi. Aliishi kwa posho ya wakimbizi, akafanya kazi za useremala kwa nyundo ndogo aliyopewa, akaweka akiba na kufungua kiwanda chake mwaka 1964. Nyundo hiyo baadaye ikawa alama ya kampuni. Mwaka 1970 alihamishia uzalishaji Estelí, Nikaragua. Kiwanda kilichomwa moto mwaka 1978 wakati wa vita dhidi ya utawala wa Somoza nchini humo, na mwaka 1985 Marekani iliweka vikwazo dhidi ya Nikaragua ambavyo viliondolewa mwaka 1990. Padrón aliendelea, na bidii yake ni miongoni mwa sababu za Estelí kuwa mji mashuhuri wa biri.

Familia ya Fuente, iliyoanza kazi West Tampa, Florida, mwaka 1912, nayo ilipoteza kiwanda chake cha Nikaragua kwa moto mwaka 1978, kisha ikajijenga upya Santiago, Jamhuri ya Dominika.

Mwaka 1992 Marvin Shanken alianzisha jarida la Cigar Aficionado, lililoeneza utaratibu wa kuzipa biri alama kati ya 100. Muongo huo mahitaji ya biri yalipanda sana Marekani.

Biri za bei nafuu

Katika soko la Marekani, biri ya mkono ya chini ya takriban dola 10 huhesabiwa kuwa ya bei nafuu. Bei hupungua kwa njia kadhaa: majani kukaa ghalani miaka michache badala ya mingi, biri kuuzwa katika vifungu badala ya makasha ya mbao, au tripa kuchanganywa na vipande vifupi badala ya majani mazima. Njia mbili za kwanza haziharibu biri. Ya tatu huifanya iwake kwa moto zaidi na kuacha chembe za tumbaku mdomoni.

Padrón 2000 na 3000 hutolewa kwa kapa nyepesi na kwa maduro, zote kwa tumbaku ya Nikaragua, na kwa muda mrefu zimekuwa kipimo cha thamani kwa bei. Ni biri zilizobanwa kidogo, zenye sura ya kawaida, zenye kahawa na kakao kwa wingi.

Undercrown ya kampuni ya Drew Estate, Estelí, ilizaliwa kutokana na uhaba. Wasokotaji wa Liga Privada, biri ya gharama yenye kapa ya broadleaf, walikuwa wakivuta kwa wingi biri walizozitengeneza, na kampuni ikawaomba waache kwa kuwa majani hayakutosha. Wakabuni mchanganyiko wao wenyewe, wakitumia kapa ya San Andrés. Biri hiyo ilitolewa sokoni mwaka 2011 na hupatikana kwa bei ndogo kuliko ile iliyoizaa. Nica Rustica ya kampuni hiyo hiyo hutumia broadleaf na ni nafuu zaidi, ingawa ladha yake ni ya kishamba.

Charter Oak, yenye jina la mwaloni wa kihistoria wa Connecticut ulioanguka mwaka 1856, pia hutolewa kwa kapa ya broadleaf.

Uonjaji

Kuonja biri huanza kabla ya kuwasha. Mvutaji huibonyeza taratibu kwa vidole kuanzia kichwa hadi upande wa kuwashia. Sehemu laini huonyesha tripa iliyopungua, na sehemu ngumu huonyesha msongamano utakaozuia hewa. Kapa ya maduro inapaswa kuwa na mng'ao wa mafuta. Ikinuswa ikiwa baridi hutoa harufu ya ghala la nafaka, kakao au zabibu kavu. Harufu kali ya amonia ni dalili kwamba uvundikaji haukukamilika, na biri kama hiyo ni bora iachwe ipumzike miezi kadhaa.

Kichwa hukatwa kidogo, milimita mbili hivi, bila kuvuka mstari wa kifuniko, yaani kipande cha jani kinachofunga kichwa, la sivyo kapa hufumuka. Kisha mvutaji huvuta hewa bila moto ili kupima upitaji wake na kuonja jani likiwa baridi.

Kapa nene ya maduro hushika moto kwa shida. Moto husogezwa karibu bila kuigusa, biri ikizungushwa mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Njiti ndefu ya kiberiti au kiberiti cha gesi hufaa. Kiberiti cha petroli huacha harufu. Moshi huzungushwa mdomoni, haumezwi. Mvuto mmoja kwa dakika hutosha. Anayevuta haraka huipasha biri moto kupita kiasi, na utamu wote wa maduro hugeuka uchungu wa makaa. Kosa hili ndilo huharibu biri za bei nafuu kuliko kasoro yoyote ya kiwandani.

Waonjaji huigawa biri katika theluthi tatu. Theluthi ya kwanza mara nyingi huanza na pilipili manga na udongo. Theluthi ya pili ndiyo kiini cha maduro: kahawa chungu, kakao, sukari guru, tende. Ya tatu huongezeka ukali kwa sababu nikotini na lami hukusanyika kuelekea mdomoni. Kiasi kidogo cha moshi hupitishwa puani kwa upole, kwa kuwa pua hutambua harufu ambazo ulimi hauzifikii. Mwonjaji mzuri hutofautisha mambo matatu: uzito wa moshi mdomoni, nguvu ya nikotini na wingi wa ladha.

Alama za majarida hutolewa kwa sura na usokotaji, uwakaji, ladha na maoni ya jumla, biri ikiwa imevuliwa pete ili mwonjaji asijue chapa. Kwa utaratibu huo biri za bei nafuu mara kwa mara huzipita zile ghali, jambo linaloonyesha kwamba sehemu ya bei hulipia jina.

Biri ambayo haijaisha haikandamizwi kwenye kisahani. Huachwa izimike yenyewe. Kahawa nyeusi isiyo na sukari huendana vizuri na maduro.

Uhifadhi

Biri huhifadhiwa katika kasha la mwerezi, kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, hatari kubwa ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye mayai yake huanguliwa joto likipanda na viluwiluwi vyake hutoboa biri.

Afya na sheria

Biri si salama. Uvutaji wake husababisha saratani za mdomo, koo, umio na mapafu. Kwa kuwa moshi wa biri una alkali zaidi ya ule wa sigara, nikotini hupenya kupitia utando wa mdomo hata bila kumeza moshi, na biri moja kubwa huweza kuwa na tumbaku inayolingana na pakiti nzima ya sigara. Weusi wa maduro haupunguzi madhara hayo.

Tangu Desemba 2019 Marekani imezuia kuuzia tumbaku watu walio chini ya miaka 21. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na Kenya ya mwaka 2007.

Hali ya sasa

Estelí bado ni kitovu cha usokotaji. Kwa upande wa Tanzania, tumbaku inayolimwa kwa wingi Tabora na Urambo ni ya mvuke, yaani hukaushwa kwa hewa ya moto, na huingia katika sigara za kawaida. Agosti 2023 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilifuta kanuni zilizoziweka biri za mkono chini ya udhibiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani.