Tathmini ya athari za mgodi kwa maji

Tathmini ya athari za mgodi kwa maji ni uchunguzi unaokadiria, kabla ya uchimbaji kuanza, jinsi mgodi utakavyobadilisha wingi na ubora wa maji ya mito, chemchemi na visima. Tanzania huifanya kama sehemu ya tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ikisimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Msingi wake ni vipimo vya hali ya awali, vya masika na vya kiangazi. Sampuli ya kupima metali zilizoyeyuka huchujwa papo hapo kisimani kwa chujio la maikromita 0.45, kisha hutiwa matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye chupa. Bila vipimo hivyo, mwanakijiji anayelalamika baadaye hana cha kulinganisha, na hasara hiyo haifidiki.

Shimo likipita kina cha maji ya ardhini, maji hupampwa mfululizo na visima vya jirani vyaweza kukauka. Hatari ya kudumu zaidi ni asidi: miamba yenye pairiti (madini ya chuma na salfa) ikikutana na hewa na maji huzalisha asidi inayoyeyusha metali, pengine kwa miongo mingi baada ya mgodi kufungwa. Mwaka 2009, maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe. Kwa hiyo mawe taka hupimwa maabara kwa miezi kadhaa, na bwawa la topesumu (tope linalobaki baada ya kuchenjua madini) husanifiwa kwa kuzingatia mafuriko makubwa.