Nani alimmaliza chui wa Unguja?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nina kisa cha zamani, lakini kimeanzia kijiweni kwetu Mbagala.

Juzi jamaa mmoja alikuja na habari kwamba chui amebeba mbwa wawili usiku huko Chanika. Kabla hata hajamaliza, mmoja akasema watu wajikusanye wakamuue. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Huyo si mnyama wa porini, huyo ana mwenyewe." Wote wakakubali. Mimi nikashtuka, maana maneno hayo yalishasemwa ng'ambo ya maji, na yaliishia pabaya.

Twende Unguja. Zama za barafu kisiwa kile kilikuwa kimeungana na bara. Bahari ilipopanda, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, chui waliokuwa upande ule wakabaki huko. Wakawa wadogo kuliko wa bara, na madoa yao yakawa madogo yaliyosongamana. Kwa kuwa hakukuwa na simba wala fisi, chui ndiye aliyekuwa mkubwa wa msitu. Alitembea peke yake usiku, akawinda paa na kima, na siku nyingine mbuzi wa watu.

Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza, Reginald Pocock, alimwandika kitaalamu na kumpa jina la adersi, kwa heshima ya Dk. Aders aliyekuwa mwanabiolojia wa serikali ya Zanzibar. Paa nunga naye, kwa wataalamu, anaitwa kwa jina la daktari huyo huyo. Mmoja hayupo tena, mwingine yuko hatarini.

Sasa, kilichommaliza ni nini? Kwanza ni ardhi. Watu waliongezeka, mashamba yakapanuka, msitu ukapungua na mawindo yake yakapungua. Chui akawa anakutana na mifugo mara kwa mara.

Pili ni imani. Watafiti Helle Goldman na Martin Walsh, walioanza kufuatilia habari hizi miaka ya 1990, walikuta vijijini watu wengi wanaamini kuwa wachawi hufuga chui na kuwatuma kudhuru wengine. Kwa hiyo mbuzi akiliwa, swali halikuwa chui alikuwa na njaa kiasi gani. Swali lilikuwa: nani kamtuma?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo mawili yakaunganishwa. Ilifanyika kampeni ya kufichua wachawi na kuua chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga maarufu aliyeitwa Kitanzi. Kuua chui likawa jambo la kusifiwa, na uwindaji ukaendelea hata baada ya kampeni kupoa. Kufikia miaka ya 1990 watafiti hawakuwa na tumaini kubwa. Mwaka 2018 kipindi cha Animal Planet kilionyesha picha za mnyama aliyedaiwa kuwa yeye, lakini mpaka leo hakuna uthibitisho kwamba bado wapo.

Linganisha na jaguar, binamu yake wa Amerika. Huyo aliuawa kwa wingi miaka ya 1960 kwa ajili ya makoti ya matajiri, mpaka mkataba wa CITES, ulioanza kazi 1975, ukabana biashara ya ngozi. Biashara inaweza kubanwa kwa mkataba. Hofu je, unaibana kwa mkataba gani?

Turudi Dar. Jiji limepanda mpaka mlangoni mwa misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Pande. Tunajenga, tunachoma mkaa, kisha tunashangaa mnyama akitokea uani. Mumbai, jiji la mamilioni ya watu, lina chui katika hifadhi iliyozungukwa na nyumba, na sehemu kubwa ya chakula chao ni mbwa wa mitaani. Si kwamba hakuna ajali, zipo. Lakini watu wamejifunza kufunga mifugo kwenye banda imara, kutotupa mabaki ya nyama ovyo, na kuita maofisa. Hapa kwetu pia, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kila mwenye panga kuwa mwindaji.

Nikiwa shule ya msingi tulipelekwa Zanzibar, tukaonyeshwa chui aliyekaushwa makumbusho. Tulicheka macho yake ya kioo. Hakuna aliyetuambia tunaangalia msiba.

Na yule chui wa Chanika? Nilimpigia simu mwenye mbwa. Akaniambia hakuona chui wala unyayo. Aliamka asubuhi akakuta minyororo imekatika, basi. Kijiweni kwetu tulikuwa tumeshamhukumu kifo mnyama ambaye hakuna aliyemwona.

Haya wadau, nyie huko kwenu mmesikia nini? Karibuni.