Redio au bafle ya chumba cha mtoto: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa feza

Siku ya soko hapa Rubaya, vyombo vya sauti havikosekani mezani. Kuko redio ndogo za pile, bafle za bluetooth zenye taa za rangi, na yale masanduku makubwa yenye spika mbili na telekomande. Wazazi wengi wanauliza swali moja: mtoto ananiomba kitu cha kusikilizia kwake anakolala, ninunue kipi? Muuzaji atakujibu haraka, maana anataka kuuza. Sisi tuchukue muda kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya chumba chenyewe. Wanaotengeneza hivi vyombo wanafikiria chumba cha matofali, chenye prizi ukutani na mlango unaofunga. Kwetu, mtoto akiwa na chumba, mara nyingi ni kona ya nyumba ya mbao iliyokatwa kwa pazia, mita mbili kwa mbili na nusu hivi, watoto wawili au watatu juu ya godoro moja, mabati juu ya vichwa. Jirani anasikia hata ukikohoa. Na kwa familia iliyokimbia vita ikajenga kwa shitingi, chumba cha mtoto ni nyumba yote.

Kwa chumba kama hicho tunashauri kitu kidogo, kinachotoa vizuri sauti ya mtu anayeongea, kinachokula umeme kidogo, na ambacho mtoto anaweza kubeba kwa mkono mmoja. Besi nzito tuwaachie wenye bar.

Wauzaji wanapenda kusema "hii ni stereo". Stereo maana yake ni sauti mbili tofauti, moja inatoka kuume, ingine kushoto. Ili sikio lipate faida, spika mbili zinapaswa kuachana, na wewe ukae katikati mbele yake. Sanduku ambalo spika zake zimeachana kwa urefu wa kiganja, ukiwa mbali nalo mita mbili, sikio halitofautishi sana. Umelipia spika mbili, unasikia kama moja. Ile feza ya spika ya pili ingefanya kazi zaidi ikienda kwenye betri nzuri.

Hata redio ya FM yenyewe, stereo inaweza kukusumbua. Mawimbi ya FM yanakwenda moja kwa moja kama mwangaza wa tochi. Mlima ukisimama katikati, yanazuiliwa. Na Masisi ni milima tupu, kila mtu anajua: nyumba ya juu ya kilima inashika stesheni vizuri, ya bondeni inapata kelele tu. Stesheni ikifika dhaifu, kuishika kwa stereo kunaongeza ule mlio wa "shhhh". Redio iliyo na kibonyezo cha mono, ukikibonyeza, sauti inasafika. Angalia pia antena. Ya chuma, inayovutwa hadi karibu sentimita 75, ndiyo inafaa kwa FM. Bafle nyingi za bluetooth hazina antena kabisa. Zinatumia waya wa sharja kama antena, ndiyo maana ukichomoa waya stesheni inapotea. Kwa anayekaa bondeni, redio iliyo na FM pamoja na SW ni bora, maana mawimbi mafupi yanapanda juu na kurudishwa chini na anga, hayaogopi mlima sana.

Sasa tuongee juu ya wati, kwani hapo ndipo watu wanadanganywa zaidi. Juu ya katoni wanaandika 300 W, 1000 W, wakati mwingine wanaongeza herufi PMPO. Hizo herufi hazipimi nguvu ambayo chombo kinatoa siku zote. Fanya hesabu ndogo wewe mwenyewe, pale pale mezani. Bafle inayochajiwa kwa waya wa simu inapokea volti 5. Ikiandikwa ampeya 1, ni wati 5 zinazoingia, basi. Haiwezi kutoa wati 300 kwa masaa wakati inakula 5. Tazama na betri ya ndani: nyingi zinatumia ile bapa ya Nokia, BL-5C, yenye volti 3.7 na karibu miliampeya-saa 1000. Hiyo ni nishati ya wati 3.7 kwa saa moja tu. Ukipiga kwa sauti ya juu inaisha upesi, ukipiga kwa sauti ya chini inaenda jioni nzima.

Kusema kweli, ile BL-5C si mbaya. Uzuri wake ni kwamba inatoka. Ikichoka, unanunua ingine sokoni unaiweka mwenyewe, hauhitaji fundi. Bafle ambayo betri yake imefungwa ndani na gundi, siku betri inakufa, na bafle imekufa. Ukiona betri imevimba kama mandazi, usiichaji tena na usiitoboe.

Kidogo kando: watu wa hapa wanauliza kama koltani yetu imo ndani ya hivi vyombo. Tantali inayotoka kwenye koltani inatumiwa zaidi kutengeneza kondensa ndogo za simu, kompyuta na mashine zingine za kisasa. Rubaya inatajwa mara nyingi kuwa inatoa karibu 15% ya tantali ya dunia yote. Lakini bafle ya bei ya chini mara nyingi inatumia kondensa za alumini, kwa sababu ni rahisi. Kwa hiyo kile kinachotoka mu mashimo yetu kiko zaidi ndani ya simu inayotuma muziki kuliko ndani ya sanduku linaloupiga.

Turudi kwenye umeme, kwani hapo ndipo kuna hatari kubwa kwa mtoto kuliko sauti. Redio ndogo ya pile kubwa mbili, zile R20, ikisikilizwa masaa mawili kwa siku kwa sauti ya kawaida, inaweza kupita mwezi. Ni njia salama kuliko zote: hakuna waya, hakuna moto. Ubaya ni bei ya pile, na zikiisha zikabaki ndani zinatoa maji yanayokula chuma. Kama redio itakaa bila kutumiwa, zitoe.

Wenye pano ya sola, chajini mchana, mahali mtu mzima anaona, usiku chombo kikae bila waya. Msiache kitu kikichaji juu ya godoro au chini ya blanketi. Godoro la musi likishika moto linawaka haraka na moshi wake ni sumu, na nyumba zetu ni za mbao, zimebanana. Betri kubwa ya gari isiingie kabisa mahali mtoto analala. Ndani yake kuna asidi na risasi, wakati inachajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, na ncha zake mbili zikiguswa na kijiko au waya mtupu, chuma kinakuwa chekundu. Iwekwe chumba kingine chenye hewa, na fizibu kwenye waya karibu na betri. Juu ya jenereta hatuongei sana: isiwe ndani, wala chini ya dirisha la watoto. Moshi wake unaua mtu akiwa usingizini.

Sasa masikio. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana zinazopokea sauti. Zikifa kwa kelele hazioti tena, na hakuna dawa inayozirudisha. Mtoto hatakuambia "mama, masikio yangu yanapungua". Utaona tu anaongeza sauti kila mwezi, shuleni mwalimu anamuita mara tatu, watu wanasema ni mkaidi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, UIT, walitoa kipimo kwa vyombo ambavyo mtu anasikiliza peke yake: mtu mzima desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, mtoto desibeli 75 kwa masaa hayo hayo. Kila unapopandisha desibeli 3, muda unakatwa nusu. Hesabu basi: kwa 78 mtoto anabaki na masaa 20, kwa 81 masaa 10, kwa 84 masaa 5, kwa 90 ni saa moja na robo tu kwa wiki nzima. Bafle ndogo iliyowekwa karibu na mto wa kulalia inaweza kufika hapo bila shida.

Hauna mashine ya kupimia? Nyosha mkono. Kama wewe na mtoto mmeachana urefu wa mkono, redio inapiga, na inakubidi upandishe sauti ili akusikie, imezidi. Ukishapata kiwango kizuri, chukua rangi ya kucha, chora alama kwenye kitufe cha sauti, umwambie mtoto asipite pale. Kwa hiyo tunapendelea redio yenye kitufe cha kuzungusha. Zile za kubonyeza + na –, mtu hajui amefika wapi, na nyingine zikiwashwa zinapiga kelele kwanza "Bluetooth!" kwa nguvu yote, nyumba nzima inaamka. Iwekwe mbali na kichwa cha mtoto, juu ya rafu, si kwenye ubao unaotenganisha na jirani, maana ubao wenyewe unageuka ngoma. Na mvua ikipiga mabati, usishindane nayo. Zima, ingoje.

Ekuteri za kutia masikioni, kwa usiku, hapana. Si juu ya masikio tu. Sisi wa Masisi tunajua kwa nini mzazi analala jicho moja wazi. Vita imepita hapa mara nyingi. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 2024, na kabla ya hapo vijiji vya kando vimekimbia tusihesabu mara ngapi. Mtoto aliyeziba masikio hasikii mama akimuita, hasikii jirani akigonga ubao, hasikii moto. Hivyo hivyo kwa bafle yenye besi: inafunika sauti za nje ambazo familia inahitaji kuzisikia. Sheria moja inatosha: saa ya kulala, chombo kinazimwa, taa zake pia, maana zile taa za rangi zinaonekana kati ya mbao na zinamwonyesha mwizi njia.

Na siku ya kukimbia, mzigo una maana. Redio ya nusu kilo inaingia kwenye mfuko wa shule. Sanduku la kilo nane litabaki. Tena redio ndogo ndiyo itakayokupa habari kule unakofika, wakati simu haina mtandao wala sharja.

Redio pia inaweza kumfundisha mtoto. Shule zilipofungwa nchini mwezi wa 3 mwaka 2020 kwa ajili ya Covid, Radio Okapi ilirusha masomo kwa jina la Okapi École, na nyumba iliyokuwa na redio ya pile ilifuata bila intaneti. Kabla ya hapo, mnamo 2003, shirika moja linaloitwa Freeplay Foundation lilitoa redio Lifeline, iliyotengenezwa makusudi kwa watoto wanaoishi bila wazazi, na jirani zetu wa Rwanda walikuwa kati ya wa kwanza kuipata. Ilikuwa na mkono wa kuzungusha na pano ya sola, vitufe vikubwa, haikuhitaji kununua pile. Aina hiyo ya kuzungusha ukiipata, hata ya kampuni ingine, ni nzuri kwa mtoto. Mfundishe tu kuzungusha polepole, maana mkono ule unavunjika wakifanya mashindano.

Kabla ya kulipa, omba muuzaji awashe. Usijaribu na muziki, muziki unaficha mengi. Tafuta mtu anayeongea, taarifa ya habari au mahubiri, sauti iwe chini kabisa: maneno yanaeleweka? Tafuta stesheni ya mbali: inashikwa? Kisha pandisha hadi mwisho mara moja: spika ikitetemeka kama bati, acha. Fungua kasha la pile uone kutu. Chomeka sharja, ongea na muuzaji dakika kumi, halafu gusa na unuse. Ikichoma mkono au ikinuka plastiki, rudisha. Na muulize kama anapokea mtu akirudi kesho. Namna anavyojibu inaeleza mengi.

La mwisho ni telekomande. Ndogo zile bapa zina pile ya duara kama kifungo cha shati, na watoto wadogo wanaimeza. Ikikwama kwenye koo inaanza kuchoma nyama, na ndani ya masaa mawili inaweza kutoboa. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, usimtapishe na usingoje choo. Peleka kituo cha afya mara moja, useme wazi "pile", ili atumwe kunakopigwa picha ya radio. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, kama hayajapita masaa 12 na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali inapunguza kuchoma, haiponyeshi, na isiwacheleweshe kuondoka. Aliye chini ya mwaka asipewe. Masanduku karibu yote yanafanya kazi bila telekomande. Kwa hiyo toa ile pile tangu siku ya kwanza, ifunge na skochi pande zote mbili, iweke mahali mtoto hafiki.