Watoto Wale Kabla Giza Halijaingia

Masimulizi makuu ya Usambara yanaanzia kwenye ufizi wa mtoto. Mbegha, mwindaji ambaye uzao wake ulikuja kuitawala milima hii kwa jina la Wakilindi, alizaliwa Nguu, na meno yake ya kwanza yakachomoza juu badala ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na watu wazima walimwogopa wakisadiki kwamba akikua atawamaliza ndugu zake. Wazazi wake walipofariki, ukoo ulimnyima urithi. Akashika njia na mbwa wake hadi akafika Usambara. Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kumtumikia mtawala Semboja huko Mazinde, aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi.

Huko ugenini Mbegha aliwaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, na wenyeji wakampa vyakula vya shambani. Urafiki wake na Washambaa ulianzia chunguni. Yule aliyehesabiwa meno akiwa mchanga akaja kupewa utawala wa Vugha na watu aliowalisha.

Vitabu vya historia huhesabu wafalme, vita na mikataba. Chungu cha jioni havikitazami sana, na mtoto wa miaka miwili anayekisubiri havimtazami kabisa. Ni hasara, kwa maana swali la mtoto mdogo ale saa ngapi, na nani ampishie, limepita katika kila zama za milima hii, na majibu yake yanaeleza mengi kuhusu nani alikuwa bwana wa muda wa nani.

Lushoto ipo kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua lake halina mizaha: mwaka mzima huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na baada ya hapo giza huingia upesi. Mlimani, kivuli cha kilele hutangulia, na bonde huanza kupoa jua likiwa bado linawaka upande wa nyika. Mama wa Kishambaa alilima vipande vilivyotawanyika, kimoja karibu na nyumba, kingine ng'ambo ya korongo, pengine kingine chini kabisa mlima unapokutana na nyika. Kurudi nyumbani kulikuwa kupanda, mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Maji nayo yalikuwa bondeni.

Kisha kuna maharage. Katika mwinuko wa Lushoto, wa mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo badala ya 100, na maharage yanayochemkia huko huchukua muda mrefu kuiva kuliko yale ya Tanga mjini. Kila mpishi wa mlimani anajua hivyo bila kuwa na kipimajoto. Chungu kilichoinjikwa jua likizama hakiwezi kumwahi mtoto anayesinzia. Ndiyo maana mlo wa mdogo ulikuwa na njia zake: kiporo cha jana kilichopashwa moto, uji, ndizi, kiazi kilichofukiwa kwenye majivu na kumenywa kingali cha moto, huku bibi au dada mkubwa akipuliza kila tonge. Mama aliporudi, mdogo alikuwa ameshakula. Wakubwa walisubiri maharage.

Saa ya namna nyingine ilikuja kwa meli. Mwaka 1890 kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianza safari kutoka Hamburg, na Tanga ikawa mojawapo ya bandari zake. Huko Hamburg jua la Juni huzama karibu saa 4 usiku kwa saa za kiangazi za siku hizi, na la Desemba huzama saa 10 jioni. Watu waliokulia chini ya jua kama hilo hawawezi kula kwa kulifuata. Hufuata saa ya ukutani, na melini hufuata kengele.

Tena meli ya abiria ina tabu yake: watu ni wengi, viti vya ukumbi wa chakula ni vichache, na jiko ni moja. Ikawa desturi kula kwa zamu. Katika meli za abiria za Waingereza, watoto wadogo walikula mapema, kwenye meza zao, wakiwa na walezi, ili wakubwa wapate kuvaa vizuri na kukaa mezani usiku. Hata leo, familia yenye watoto wadogo inayopanga safari ya matembezi baharini huhimizwa kuomba zamu ya kwanza, mnamo saa 12 jioni, kabla nafasi hazijajaa. Zamu ya pili, ya saa 2 na zaidi, humkuta mtoto analala juu ya sahani.

Kutoka Tanga, desturi hiyo ilipanda mlima. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo njia ilipanda kupitia Soni hadi mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, na mwinuko wa karibu kilomita nzima. Baridi iliwavuta: familia za maofisa na walowezi zilikuja kupumua mbali na joto na malaria ya pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 tayari kulikuwa na shamba la majaribio la serikali huko Kwai, na milima ikaanza kuzoea maziwa ya ng'ombe wa kigeni, viazi mbatata na mboga za Ulaya. Sahani ya mtoto wa Kizungu sasa ingeweza kujaa bila kungoja meli.

Lakini nani alipika? Wapishi na maboi wengi wa Tanganyika ya kikoloni walikuwa wanaume. Mlezi wa watoto aliitwa yaya, neno ambalo ni ndugu wa aia ya Wareno na aya ya India; limesafiri Bahari ya Hindi kwa njia zilezile walizosafiri walezi wenyewe. Nyumba ya bwana ilikuwa na milo miwili ya jioni, wa watoto mapema na wa wakubwa usiku. Kwa mpishi hiyo ilikuwa kazi mara mbili: kuwasha, kupika, kuosha, kisha kuanza tena. Aliyekuwa na watoto kijijini aliwakuta wamelala.

Hapa ndipo historia ya chakula inapouma. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilianza mfumo wa kipande: Mwafrika alipewa kadi, akatakiwa kufanya kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi minne. Siku 30 zinaandikika kirahisi kwenye karatasi. Nyumbani zilikuwa jioni 30 bila mikono miwili iliyozoea kupasua kuni au kufyeka. Waingereza walipoingia mwaka 1916, jina la Wilhelmstal lilifutwa na Lushoto ikachukua nafasi yake, lakini muda wa mkulima haukurudishwa wote. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ukatandazwa kwingine Usambara. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliangukia wanawake. Watu waliyakataa. Upinzani ulikuwa mkali kiasi kwamba kabla ya Uhuru mpango ulikufa. Huzungumzwa kama habari ya udongo na siasa, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa pia habari ya mama aliyeongezewa kazi shambani huku jua likizama saa ileile, na mtoto akiona njaa saa ileile.

Miaka hiyohiyo, baharini, meli mbili za kampuni ya British India, zilizoitwa Kenya na Uganda, zilianza safari kati ya London na bandari za Afrika Mashariki, Tanga ikiwemo. Moja mwaka 1951, nyingine 1952. Zilibeba familia za maofisa zikienda likizo na kurudi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zimewachukua abiria wa meli hizo. Uganda ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi, na mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falkland.

Huko mlimani desturi haikukatika, ila imebadilisha wenyewe. Wageni wa Lushoto sasa ni pamoja na familia za Dar es Salaam, Arusha na Tanga zinazokimbia joto la Desemba, watoto wakiwa wamechafuliwa tumbo na kona za Soni. Nyumba nyingi za wageni hupika baada ya kuagizwa, kwa mkaa, na kuku wa kienyeji aliyeagizwa saa 12 jioni anaweza kufika mezani saa 2 na nusu. Mzazi aliyezoea hupitia jikoni asubuhi, kabla ya kwenda kutazama nyika kutoka kilele cha Irente, na kusema wazi: wadogo wale saa 11 na nusu, sisi baadaye. Mpishi hukubali bila kushangaa. Ni mpango anaoujua kutoka kwao, kutoka kwa bibi yake na kiazi cha kwenye majivu.

Saa 11 jioni anamenya viazi na karoti za sokoni. Anavichemsha na kitunguu na chumvi kidogo, anaviponda kwa mwiko, anatenga pembeni bakuli la matunda damu yaliyotolewa kokwa. Maharage ya wakubwa yako kwenye sufuria jiko la pili, bado magumu. Nje ukungu umeshashuka kutoka msitu wa Magamba. Mtoto anakula amepakatwa, macho yakifumba, sweta limefungwa hadi shingoni. Sahani ikirudi jikoni tupu, mpishi anafuta mikono, anachukua simu na kupiga nyumbani kuuliza kama wadogo wameshakula.